Nyama mbichi, mbwa na fleti ya chumba kimoja

Miongoni mwa kazi zinazowapa riziki ndugu zetu wengi walioko Uingereza na Marekani ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Dada aliyetoka Tanga au Mombasa huamka kabla ya alfajiri, huswali, hupanda basi, akafika kwa bibi kizee anayeishi peke yake katika fleti ya chumba kimoja na sebule, mwenzake akiwa ni mbwa. Humwogesha bibi, humpa dawa zake na kumtengenezea kifungua kinywa. Kisha huambiwa na watoto wa bibi kwamba mbwa naye ana chakula chake, kimo ndani ya friza. Akiifungua haoni zile punje kavu alizozoea kuziona madukani. Anakuta vifurushi vya nyama ya kusaga, maini, shingo za kuku na mifupa, vyote vibichi.

Swali linalowafikia masheikh kutoka kwa akina dada hawa huwa ni la najisi: je, mikono yangu na nguo zangu vinafaa kwa swala? Ni swali la haki, nasi tutalirudia. Lakini lipo swali jingine ambalo haliulizwi sana, nalo linawahusu watu wote waliomo ndani ya nyumba ile, Mwislamu na asiye Mwislamu: nyama ile mbichi inafanya nini katika jiko ambalo ni pembe tu ya sebule, hatua mbili kutoka kwenye kiti cha mgonjwa?

Mtindo huu wa ulishaji si wa zamani sana kwa sura yake ya leo. Mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, alitoa kitabu kilichowahimiza wenye mbwa kurudi kwenye mifupa mibichi yenye nyama. Hoja kuu ya wafuasi wa njia hii ni kwamba mbwa ni mzao wa mbwamwitu, na kwamba tumbo lake halikuumbwa kwa nafaka za kiwandani. Hoja hiyo ina mvuto, ila haikukamilika. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, pamoja na wenzao, walichapisha uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha kwamba mbwamwitu kwa kawaida ana nakala 2 tu za jeni inayosaidia kumeng'enya wanga, ilhali mbwa wana kati ya 4 na 30. Vizazi vingi vya kula makombo ya binadamu vimemgeuza mnyama huyu hata tumboni. Anayemjua mbwa wa vijijini kwetu, aliyekua kwa ugali na vichwa vya dagaa, hatashangaa.

Wanaoisifu nyama mbichi husema manyoya ya mbwa hung'aa na kinyesi chake hupungua. La kinyesi ni kweli, kwa sababu nyama humeng'enywa karibu yote na hubaki taka kidogo. La manyoya hutokana zaidi na mafuta, nayo hupatikana pia katika chakula kilichopikwa.

Tutazame hesabu, maana katika nyumba finyu hesabu ndiyo mwanzo wa mambo. Wafuasi wa njia hii hukadiria chakula cha siku kuwa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa mbwa mzima. Mbwa wa kilo 20 atakula gramu 400 hadi 600 kila siku, yaani kilo 12 hadi 18 za nyama na mifupa kwa mwezi. Friza iliyo juu ya jokofu dogo haichukui mzigo huo ikabaki na nafasi ya chakula cha mwenye nyumba. Hapo ndipo vifurushi huanza kubanwa, plastiki hupasuka, na kila usiku kifurushi kimoja huachwa kiyeyuke juu ya meza, maji yake mekundu yakitafuta njia ya kwenda kwenye mkate. Kwenye nyumba yenye ua na banda la nje, mambo haya yangetengwa. Katika fleti hakuna pa kuyatenga: sinki ni moja, ubao wa kukatia ni mmoja, na zulia ambalo mbwa huburutia shingo ya kuku ndilo hilo hilo mjukuu hutambaa juu yake siku ya Jumapili.

Hatari yenyewe imepimwa. Kati ya mwaka 2010 na 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilichunguza sampuli 196 za chakula kibichi cha wanyama wa nyumbani. Sampuli 15 zilikutwa na salmonela, na 32 zilikutwa na listeria, kimelea ambacho mjamzito huonywa nacho kwa sababu kinaweza kuua mimba. Nchini Uingereza, mwaka 2017, watu 4 waliugua kwa bakteria hatari aina ya E. koli O157 na mmoja wao akafariki. Uchunguzi ulielekeza kwenye chakula kibichi cha mbwa. Na mwishoni mwa mwaka 2024, katika jimbo la Oregon, Marekani, paka aliyekuwa akifugwa ndani alikufa kwa homa ya ndege baada ya kulishwa nyama mbichi ya bata mzinga iliyokuwa imegandishwa. Habari hiyo ya mwisho iwafikie na wale wa nyumbani kwetu wanaopenda paka, ambao ni wengi.

Wengi hujiliwaza kwamba friza imeua kila kitu. Sivyo. Baridi huwalaza bakteria, haiwaui. Nyama ikiyeyuka nao huamka. Tena mbwa mwenyewe anaweza kubeba salmonela bila kuonyesha dalili yoyote, akaitoa kwenye kinyesi na kwenye ulimi wake. Mtu mzima mwenye afya huenda akaharisha siku tatu akapona. Mtoto mchanga, mjamzito, mgonjwa wa kisukari na yule bibi wa miaka themanini hawana dhamana hiyo.

Sasa turudi kwenye tahara. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu watu wa pwani, mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa naye kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja wapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo ni kwamba sabuni haichukui nafasi ya udongo, ingawa wapo wanazuoni walioikubali. Mahanafi huona najisi iko katika mate, si katika manyoya. Mamaliki huona mbwa aliye hai ni tohara, na kwamba kuosha chombo ni jambo la ibada. Ama kugusana kukavu kwa kukavu, hata kwa Mashafii hakuhamishi najisi. Nyama iliyo kwenye kifurushi, ikiwa ni ya mnyama asiyechinjwa kisheria, ni mzoga, na mkono uliolowa kwayo huoshwa kwa maji mpaka najisi iondoke, bila ya hesabu ya saba. Ikiwa imechanganywa na nguruwe, Mashafii huipa hukumu ya mbwa. Kwa hiyo lebo isomwe kabla ya kifurushi kufunguliwa.

Linalosahaulika ni kwamba tohara ya kisheria na usalama wa kiafya ni mizani miwili tofauti. Kuku aliyechinjwa na Mwislamu, kwa Bismillahi na kisu kikali, ni halali na ni tohara, na bado anaweza kubeba salmonela tele. Bakuli la mbwa lililochovywa mara moja katika maji yanayochemka huenda lisibaki na kimelea hata kimoja, na kwa Shafii bado halijatoharika. Mwenye kuosha mara saba kwa maji baridi chini ya bomba la jikoni, matone yakirukia vikombe, ametimiza hesabu ya fikihi na pengine ametawanya ugonjwa. Afadhali bakuli, likiwa la chuma na si la plastiki inayokwaruzika, lioshewe bafuni katika beseni lake, kwa udongo kwanza, kisha maji, kisha sabuni na maji ya moto. Udongo huo usimwagwe kwenye sinki la fleti, maana bomba huziba na jirani wa chini ndiye wa kwanza kupata habari.

Msomaji aliye Dar es Salaam au Kisumu asidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Sisi hatuna vifurushi, ila tuna Idd el-Adh-ha. Siku ile mapafu na maini yenye malengelenge ya maji hukatwa na kutupiwa mbwa wanaozunguka, na ndivyo mzunguko wa tegu mdogo, asiyezidi milimita chache, unavyokamilika. Tegu huyo hukaa tumboni mwa mbwa bila kumsumbua. Mayai yake hutoka na kinyesi, na binadamu akiyameza hupata uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu unaokua kimya kwa miaka. Katika miaka ya 1980 Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilihesabiwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani kwa ugonjwa huu. Maini ya namna hiyo yafukiwe kwa kina au yachomwe moto.

Mtu asielewe kwa maneno haya kwamba mbwa anyimwe chakula. Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa afugaye mbwa bila haja ya uwindaji, mifugo au shamba hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Wanazuoni wamekisia juu ya hizo haja nyingine za kweli, na mwaka 2008 Baraza la Sharia la Waislamu nchini Uingereza liliridhia mbwa wa kumwongoza asiyeona. Lakini mnyama akishakuwa chini ya mkono wa mtu, kumlisha ni wajibu, na kisa cha aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu tunakijua sote.

Njia ya salama ni kupika. Nyama ichemshwe mpaka kiini chake kifike nyuzijoto 70 kwa dakika 2, pamoja na wali na karoti au boga, bila chumvi wala viungo. Vitunguu vya aina zote huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, kwa hiyo mabaki ya pilau na mchuzi si sadaka njema kwake. Zabibu na chokoleti pia ni sumu. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali, nayo iondolewe yote. Na kwa kuwa nyama ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, mbwa wa kudumu kwenye chakula cha nyumbani anahitaji daktari wa mifugo apange nyongeza, hasa akiwa bado mdogo. Asiyeweza hayo anunue chakula kikavu kilichokamilika. Ndicho kinachokaa vizuri zaidi kwenye kabati la fleti.

Dada mtunzaji si mwenye mbwa, na hawezi kubadilisha chakula kwa siri, kwani ile ni amana. Anachoweza ni kumweleza msimamizi wake na watoto wa bibi, tena mapema, kabla ya mtu kuugua. Wakishikilia nyama mbichi, aombe glavu, beseni na bakuli la chuma, na kifurushi kiyeyushwe ndani ya trei, rafu ya chini kabisa ya jokofu, chini ya maziwa na dawa za bibi na si juu yake.