Cheti cha Hakimiliki ni cha Siku ya Ugomvi

Mtunzi wa Misugusugu, mkoani Pwani, akirekodi singeli usiku wa leo katika studio ya chumbani, hakimiliki ya utunzi wake anayo kabla hajapanda kitandani. Hajajaza fomu, hajalipa ada, wala hajapanda basi la kwenda Dar es Salaam. Ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na ndivyo unavyotaka Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994.

Sasa usajili wa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, una kazi gani? Kazi yake huonekana siku mtu mwingine anapojitokeza na kusema wimbo ni wake.

Tazama yaliyoupata wimbo wa Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi miaka ya 1960 ilipokuwa ikianza, kisha Miriam Makeba na Boney M wakauimba mbele ya dunia nzima. Lakini wapo wanaoshikilia kwamba aliyeutunga ni Adam Salim, Mtanganyika aliyekuwa akiishi Nairobi miaka ya 1940. William alifariki mwaka 2001 na ubishi haukufa naye. Karatasi moja ya zamani yenye jina, tarehe na nakala ya wimbo ingepunguza maneno mengi.

Hata hivyo, cheti si msahafu. Ni ushahidi, na ushahidi hupingwa kwa ushahidi mwingine. Mwizi naye anaweza kuwahi dirishani. Kwa hiyo usitupe daftari lenye mistari uliyoikatakata, faili za studio wala ujumbe wa simu wenye tarehe.

Faida ambayo watu huisahau iko kwenye kujaza fomu kwenyewe, kwa sababu hapo ndipo mnalazimika kusema nani kafanya nini. Mashairi ni ya fulani, sauti ni ya fulani, biti kaitengeneza prodyuza. Mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi nao sheria inawatambua, kwa hakishiriki. Mgao ukiandikwa wimbo ukiwa bado hauna hata shilingi, ni mazungumzo ya dakika chache. Ukingoja wimbo upigwe kila daladala kuanzia Mlandizi hadi Mbezi, utaambiwa "sisi si tulikuwa washikaji?" na hapo undugu umekwisha.

Mirabaha nayo hufuata majina. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliiacha COSOTA kuwa ofisi ya usimamizi na kufungua mlango kwa kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha. Anayegawa hawezi kumlipa mtu asiyemjua. Warithi nao wanahusika: haki za kiuchumi hudumu uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na mjane asiye na karatasi atapata taabu kuzidai.

Tusichanganye ofisi, jambo ambalo hata wasanii wenye majina hulifanya. BASATA humsajili msanii, BRELA husajili jina la biashara na alama zake, COSOTA husajili kazi yenyewe. Kibali cha moja hakifanyi kazi ya nyingine. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA.

Wazo tupu halisajiliwi, wala mtindo. Ndiyo maana wachoraji wengi wamechora kwa namna ya Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, bila kuvunja sheria, ilimradi hawakunakili picha ya mwingine. Na hapa Pwani kuna mtego mwingine. Ngoma za Wazaramo, ambazo singeli imechota kwazo, ni sanaa za jadi. Huwezi kuokota kiitikio cha wazee wa Kisarawe ukakisajili kama utunzi wako. Sheria ya 1999 imezipa sanaa za jadi sehemu yake na kuikabidhi BASATA mamlaka ya kutoa ruhusa pale zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Utakachodai kuwa chako ni kile ulichokiongeza: mashairi mapya, mpangilio wa ala, rekodi yenyewe. Kwenye fomu andika hicho tu.