Je, Wajua? Afande, Mikono Mfukoni!

Je, wajua kazi ya kwanza ya askari anayefika eneo la tukio si kumsaka mhalifu? Ni kumwangalia aliyelala chini kama bado anapumua. Uhai kwanza, ushahidi baadaye. Mganga akikanyaga damu ili amfikie majeruhi, halaumiwi. Askari anaandika tu alipita wapi.

Je, wajua khanga ya jirani inaweza kuvuruga upelelezi? Kwetu maiti haiachwi wazi. Mama wa nyumba ya pili hutoka mbio, akavua khanga ya juu, akamfunika marehemu. Huo ni utu, nani atambishia? Ila khanga hiyo imekuja na nywele za wanawe, nyuzi za godoro lake na manyoya ya kuku wa uani, na vyote sasa vipo juu ya maiti. Los Angeles, mwaka 1994, hakukuwa na mama jirani: polisi wenyewe ndio waliochukua blanketi la mle ndani wakaufunika mwili wa Nicole Brown Simpson. Mawakili wa O. J. Simpson, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo, wakalishikia bango blanketi lile.

Je, wajua doa la damu mlangoni lilimfunga mama mzazi? Ni Necochea, Argentina, Juni 1892. Watoto wawili wameuawa, na mama yao, Francisca Rojas, anamtaja jirani. Jirani akateswa, akakana. Inspekta Eduardo Álvarez alipofika kutoka La Plata, aliona mlangoni doa la kahawia lenye mistari ya kidole gumba. Hakulisugua wala hakulikwangua. Alikata kipande cha mbao chenye doa akaondoka nacho! Juan Vucetich, wa polisi ya La Plata, alikuwa ameshabuni mfumo wa kupanga alama za vidole. Zilipolinganishwa, gumba lilikuwa la mama. Akakiri.

Je, wajua askari naye huchukuliwa alama za vidole? Deptford, London, 1905: meneja wa duka na mkewe wameuawa, na ndani ya kasha la fedha pana alama ya gumba. Sajini mmoja akakiri kwamba alilisogeza kasha kwa mkono mtupu, watu wasijikwae. Ikabidi alama zake zilinganishwe kwanza. Alama ya kashani haikuwa yake. Baadaye ikabainika gumba lile ni la Alfred Stratton, akanyongwa pamoja na nduguye.

Je, wajua nguo yenye damu haitiwi kwenye mfuko wa plastiki? Inavunda, ukungu unaota, na vinasaba vinaharibika. Hukaushwa kwanza, kisha ikatiwa kwenye bahasha ya kaki.

Je, wajua Ujerumani iliwahi kumsaka mwanamke ambaye hakufanya lolote? Mwaka 2007 polisi wa kike aliuawa kwa risasi mjini Heilbronn, ndani ya gari lake la doria. Vinasaba vya mwanamke mmoja vikapatikana pale, na vilikuwa vimeshaonekana kwenye matukio mengine tangu 1993: mauaji, wizi wa magari, uvunjaji wa nyumba, hadi Austria na Ufaransa. Yalifika matukio kama 40. Zawadi ikapanda hadi yuro 300,000. Mwanamke gani huyu, leo anaua, kesho anaiba pikipiki? Mwaka 2009 vinasaba vyake vikaonekana kwenye nyaraka za mwanamume, na hapo ndipo wapelelezi walipogeuza macho kutazama vifaa vyao wenyewe. Vijiti vya pamba walivyokuwa wakikusanyia ushahidi vilikuwa vimeguswa na mfanyakazi wa kiwandani. Vilitakaswa, ndiyo, lakini kutakasa huua vijidudu. Vinasaba hubaki pale pale.

Je, wajua mkubwa wa polisi naye ni mchafuzi? Kila anayevuka utepe huandikwa jina na saa, hata mwenye nyota begani. Konstebo wa zamu kumwambia bosi wake "Afande, jiandikishe kwanza" kunataka moyo, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Je, wajua kielelezo nacho kina safari yake? Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa ya jinai namba 110 ya 2007, ilisisitiza pawepo maandishi yanayoonyesha kitu kilikamatwa na nani, kikatunzwa wapi, kikapita mikononi mwa nani hadi kufika mahakamani. Karatasi moja ikikosekana, wakili wa utetezi ataingilia hapo hapo. Baadaye mahakama hiyo ililegeza kamba kidogo kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, kama pembe za ndovu. Nani ataificha pembe ya ndovu kwenye soksi akaweka nyingine? Kete za unga ndizo zinazotaka saini ya kila mkono uliozishika.