Stata Isipozungusha Injini

Dereva anapogeuza ufunguo na injini isizunguke, lawama ya kwanza huiangukia stata. Mara nyingi hufunguliwa na kubadilishwa kwa gharama kubwa, na gari likabaki vile vile, kwa kuwa kosa lilikuwa katika waya wenye kutu.

Stata ni mota inayohitaji mkondo mkubwa kwa muda mfupi: katika gari dogo la petroli, ampea 100 hadi 200 hivi. Mkondo huo haupiti katika swichi ya ufunguo, ambayo ingeungua. Swichi hupeleka mkondo mdogo kwenye solenoidi, yaani koili inayogeuka sumaku na kuvuta chuma. Chuma hicho husukuma gia ndogo ishikane na meno ya flaiwili, kisha huunganisha njia ya mkondo mkubwa.

Kabla ya uchunguzi, gia iwekwe huru na breki ya mkono ivutwe. Taa kubwa ziwashwe, ndipo ufunguo ugeuzwe. Taa zikififia sana huku solenoidi ikilia ta-ta-ta, betri haina nguvu au temino zimechafuka. Mlio huo una sababu yake: koili inapounganisha mkondo mkubwa, volti huporomoka, koili hukosa nguvu, ikaachia, volti hupanda, koili ikavuta tena. Taa zikibaki angavu na mlio mmoja tu ukasikika, hapo stata yenyewe ishukiwe: huenda viunganishi vya solenoidi vimeungua au brashi za kaboni zimelika. Ukimya mtupu huelekeza kwenye swichi na waya wake mwembamba. Mota ikivuma bila injini kuzunguka, gia ndogo haishiki.

Uchafu wa temino hudharauliwa bila haki. Kwa kanuni ya Ohm, ukinzani wa omu 0.01 tu, mkondo ukiwa ampea 200, hupoteza volti 2 kati ya 12 za betri, na wati 400 huishia kuwa joto. Ndiyo maana temino mbovu huwa ya moto baada ya majaribio machache. Aliye na voltmita apime betri iliyotulia: ikijaa huonyesha volti 12.6 hivi.

Ukoga wa temino huoshwa kwa maji ya magadi, ambayo huondoa ukali wa asidi. Yasiingie ndani ya betri. Waya hasi ufunguliwe kwanza na kurudishwa mwisho, na moto usikaribie, kwa maana betri hutoa haidrojeni.