Je, Wajua? Piano Hubeba Tani 20 Nyuma ya Rangi Inayong'aa

Fungua kifuniko cha piano ya zamani iliyotengenezwa Marekani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha kitazame kitufe cheupe kwa karibu. Pale sehemu pana ya mbele inapokutana na ile nyembamba inayopenya kati ya vitufe vyeusi, utaona mstari mwembamba kama unywele. Ukiinamisha kichwa mwanga ukaanguka kwa upande, utaona pia michirizi laini kama ya mbao, isiyofanana kutoka kitufe kimoja hadi kingine. Plastiki haina dalili hizo. Hiyo ni pembe ya ndovu, iliyobandikwa kwa vipande viwili juu ya mti.

Na huenda ndovu huyo alikuwa wa kwetu. Katika karne ya 19, pembe zilibebwa mabegani na wapagazi, baadhi yao watumwa, kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo. Zikavushwa Unguja, na huko mawakala wa kampuni za Marekani wakazinunua. Safari ya pembe hizo iliishia jimbo la Connecticut, katika miji midogo ya Deep River na Ivoryton. Viwanda vya kampuni ya Pratt, Read na vya kampuni ya Comstock, Cheney vilizipasua kuwa vipande vyembamba na kuvianika ndani ya nyumba za vioo mpaka jua livitakase weupe. Jina Ivoryton lenyewe maana yake ni mji wa pembe za ndovu.

Historia yote hiyo imo katika mstari mmoja mwembamba, na mnunuzi asiyejua hupita asiuone. Piano ndivyo ilivyo. Ukweli wake umekaa mahali ambapo jicho la mgeni halifiki, na biashara yake imejengwa juu ya mgeni huyo. Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa piano, hicho kipande cha mti ndicho hasa unachokinunua.

Mashine ndani ya kabati

Aliyeibuni piano ni Bartolomeo Cristofori, fundi wa ala za muziki aliyeitumikia familia ya Medici mjini Florence, Italia, yapata mwaka 1700. Kinanda kilichotamba enzi zake, hapsikodi, kilidonoa nyuzi. Ukibonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti ilitoka karibu ile ile. Cristofori akaweka nyundo ndogo zipige nyuzi. Ugumu ukawa huu: nyundo ikibaki imeugusa uzi baada ya kuupiga, inaunyamazisha. Akabuni kifyatuo kinachoiachia nyundo kabla tu ya kufika, ikaruka yenyewe, ikapiga na kurudi. Sasa kidole kikawa na uwezo wa kunong'ona na wa kunguruma. Jina la mwanzo la chombo hicho kwa Kiitaliano lilibeba maana hiyo, kinanda chenye sauti ndogo na kubwa. Piano zake 3 zipo mpaka leo, na moja, ya mwaka 1720, iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York.

Piano ya leo ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Nyuzi zake hufika 230 hivi, kwa kuwa sauti nyingi za juu hupigwa kwa nyuzi tatu tatu, na zile nzito za chini kwa uzi mmoja uliozungushiwa shaba. Kila uzi umekazwa sana. Ukijumlisha mvuto wa zote unapata tani 18 hadi 20, kama uzito wa ndovu dume wanne, na mvuto huo haupumziki mchana wala usiku, hata piano ikikaa miaka bila kuguswa. Mbao peke yake zisingeweza kuuhimili. Ndiyo sababu mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipata hataza ya fremu ya chuma iliyosubiwa kwa kipande kimoja, na fremu ya namna hiyo ndiyo uti wa mgongo wa piano zote za sasa.

Sehemu nyingine mbili hazionekani ukiwa umesimama mbele ya piano, lakini ndizo zinazoamua thamani yake. Ya kwanza ni ubao wa sauti, bapa pana la mti wa sprusi, jamii ya msonobari wa nchi za baridi. Nyuzi zenyewe hazina sauti ya kujaza hata chumba. Ubao huu ndio unaotikisika na kuusukuma mtikisiko huo hewani. Ya pili ni ubao wa pini, uliotengenezwa kwa tabaka za mbao ngumu zilizogundishwa. Humo zimepigwa pini za chuma zaidi ya 200, na kila moja inashikilia ncha ya uzi kwa msuguano wa mti peke yake. Mti ukipasuka au ukilegea, pini zinazunguka zenyewe, na piano hata ikirekebishwa leo, baada ya wiki chache sauti imepotoka.

Rangi nyeusi inayong'aa kama kioo haikuambii lolote kuhusu mbao hizo mbili. Jina la dhahabu juu ya vitufe nalo mara nyingi halikuambii.

Jina huuzwa peke yake

Mwaka 1909, viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 300,000. Gramafoni ilikuwa bado changa, redio za nyumbani hazijaja, na familia iliyotaka muziki sebuleni ilinunua piano. Biashara kubwa namna hiyo ilizaa ujanja wake. Miongo kadhaa kabla ya hapo, mjini New York, Joseph P. Hale alikuwa ameshaonyesha njia. Alinunua sehemu kutoka viwanda mbalimbali, akaziunga kwa gharama ndogo, na mbele akaandika jina lolote ambalo mwenye duka alilitaka. Piano moja iliweza kuuzwa kwa majina kumi katika miji kumi.

Mtindo huo haujafa, ila umebadilika sura. Kampuni kongwe inapofungwa, jina lake hubaki kuwa mali, hununuliwa na kuhamia kwingine. Jina Knabe lilianzia Baltimore mwaka 1837, na leo ni mali ya Samick, kampuni ya Korea Kusini yenye kiwanda pia Indonesia. Hilo si udanganyifu, na Asia hutengeneza piano nzuri sana siku hizi. Madhara huanza pale muuzaji anapokusimulia fahari ya mafundi wa karne ya 19 na kukuacha uamini kwamba mikono yao ndiyo iliyotengeneza chombo kilicho mbele yako. Ukisikia maneno kama “muundo wa Kijerumani”, uliza maswali matatu. Imetengenezwa kiwanda gani, katika nchi gani, mwaka gani? Kisha omba kuiona namba iliyopigwa kwenye fremu ya chuma. Kwa kampuni nyingi zinazojulikana, namba hiyo huonyesha mwaka wa kutengenezwa.

Mbinu za dukani

Mtu aliyezoea soko la Kariakoo atashangaa kwamba piano haina bei inayoshikika. Sababu ipo. Watengenezaji wengi humpa muuzaji mmoja haki ya kuuza piano zao katika eneo zima, kwa hiyo huwezi kuvuka barabara ukaulizie piano ile ile duka la jirani. Bila mshindani, bei iliyobandikwa huwekwa juu makusudi, ili punguzo litakalofuata likufanye ujione umeokoa fedha nyingi. Usihesabu punguzo. Linganisha bei ya mwisho na ya piano nyingine za kimo, nchi na ubora ule ule.

Mbinu inayovuma Marekani ni mauzo ya chuo kikuu. Duka hukiazima chuo piano kwa mwaka mmoja, kwa gharama ndogo au bure. Mwisho wa mwaka tangazo hutoka kwamba piano za chuo zinauzwa wikiendi hii tu, kwa miadi. Mnunuzi huingia ukumbini akidhani kila anachokiona kimetumiwa na wanafunzi na hivyo kimeshuka bei. Mara nyingi sehemu kubwa ya piano hizo imeletwa siku chache tu kabla, kutoka ghala la duka. Muda mfupi wa miadi nao una kazi yake, kwani anayeharakishwa hafungui kifuniko. Kanuni ya serikali kuu ya Marekani humpa mnunuzi siku 3 za kazi kubatilisha ununuzi mwingi uliofanyika nyumbani kwake au mahali pa muda kama ukumbi wa hoteli. Aliyetia saini ndani ya duka lenyewe hana kinga hiyo.

Mbinu nyingine hutumia hofu. Kuanzia miaka ya 1960, familia nyingi za Japani zilinunua piano, na baadaye maelfu ya piano hizo zikauzwa nje zikiwa zimetumika. Muuzaji wa piano mpya humwonya mteja kwamba mbao za piano hizo zilikaushwa kwa hali ya hewa ya Japani na zitapasuka nchi nyingine. Tahadhari hiyo ina chembe ya ukweli, maana mti hufuata unyevu wa mahali ulipo. Lakini hukumu ya piano iliyotumika haitolewi kwa nchi ilikotoka. Hutolewa kwa kuikagua yenyewe. Ufa katika ubao wa sauti nao hutumika kuwatisha watu, ilhali piano nyingi zenye ufa mdogo huimba vizuri kwa miaka mingi. Ufa wa kuogopa ni ule wa fremu ya chuma.

Kuna pia ahadi tamu: nunua hii sasa, baadaye tutaipokea kwa bei ile ile ukichukua kubwa zaidi. Soma masharti. Kwa kawaida piano hiyo kubwa utauziwa kwa bei kamili iliyobandikwa, na faida uliyoahidiwa inamezwa humo. Jihadhari pia na ushauri wa mwalimu wa muziki au fundi anayelipwa kamisheni na duka. Huenda ni mtu mwema, lakini muulize waziwazi kama analipwa. Mwaka 1987 fundi Mmarekani Larry Fine alichapisha The Piano Book, kitabu kinachomweleza mnunuzi wa kawaida piano ilivyoundwa na inavyouzwa. Mambo hayo mawili yanastahili kukaa pamoja, kwa sababu asiyejua lililo ndani ndiye anayeuziwa la nje.

Kabla ya kutoa fedha

Tafuta fundi wako mwenyewe, umlipe wewe, asiyefungamana na muuzaji. Atamulika fremu kutafuta ufa. Atajaribu pini kwa ufunguo wake, na mkono wake utajua zipi zimelegea. Atazitazama nyundo za sufu iliyoshindiliwa, maana nyuzi huzichimba mifereji kadiri zinavyopiga, na nyundo zilizochimbika sana hutoa sauti kali inayochoma. Ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kubadilisha ubao wa pini.

Kama vitufe ni vya pembe ya ndovu, lipo swali jingine la kuuliza mapema. Tangu mwaka 2016 Marekani imebana sana biashara ya pembe hizo. Piano ya zamani yenye pembe zisizofika gramu 200 inaweza kuuzwa kwa masharti, lakini kuivusha mpaka wa nchi kunahitaji vibali. Usiilipie piano ya namna hiyo kwa nia ya kuileta nyumbani kabla hujajua kama itaruhusiwa kuingia.

Na kwa anayeishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, piano ina adui ambaye muuzaji wa mbali hamfikirii. Unyevu huvimbisha mbao, vitufe vikagoma kurudi. Hewa ya chumvi huzipiga nyuzi kutu. Nondo hutafuna sufu ya nyundo, na mchwa hawana habari na jina la kampuni. Piano isikae karibu na dirisha la upande wa bahari, wala mbele ya kiyoyozi kinachowashwa na kuzimwa, kwa sababu mti huumizwa zaidi na mabadiliko kuliko hali moja isiyobadilika. Uliza kwanza ni fundi gani wa karibu atakayeirekebisha kila mwaka. Kama hakuna, piano ya umeme, isiyo na nyuzi wala pini, itakutumikia vizuri kuliko ya mti itakayopotoka sauti mbele ya macho yako.

Siku ya kuchagua, muuzaji ataketi na kupiga wimbo wa kishindo, ukumbi utetemeke. Msikilize kwa heshima, kisha mwombe akupishe. Keti wewe. Bonyeza kitufe kimoja cha katikati kwa upole wote ulio nao, mpaka ufikie mahali ambapo sauti inakaribia kutotoka kabisa. Fanya hivyo kwa kitufe kinachofuata, na kinachofuata, hadi mwisho wa safu. Kupiga kwa kishindo hata piano chovu inaweza. Ila kunong'ona kwa usawa, kitufe baada ya kitufe, kunataka nyundo nzima, mitambo iliyopangwa vizuri na ubao wa sauti ulio hai. Upole huo ndio Cristofori alioutafuta miaka 300 iliyopita, na ndio utakaokwambia kama piano hiyo inastahili fedha yako.