UWANDA WA MAUA UNAOLINDWA KWA KUFYEKWA

Karibu na mji mdogo wa Cricklade, kusini mwa Uingereza, mto Thames ungali mwembamba. Kati yake na kijito kiitwacho Churn umetandaa uwanda wa majani wa hekta zipatazo 44, uitwao North Meadow. Tangu mwaka 1973 uwanda huo ni hifadhi ya taifa.

Ifikapo Aprili, uwanda hugeuka rangi ya zambarau. Ua liletalo mabadiliko hayo huinamisha kichwa mfano wa kengele, na petali zake zina madoa ya mirabamraba kama ubao wa drafti. Machache ni meupe. Wenyeji huliita kichwa cha nyoka. Inakadiriwa kwamba katika kila maua kumi ya aina hiyo yaotayo porini nchini humo, manane yamo humu. Nyuki wakubwa wenye manyoya, watokao katika usingizi wa majira ya baridi, hupata humo chakula cha mapema.

KALENDA YA UWANDA

Aghalabu watu hudhani kwamba kulinda mimea ni kuiacha bila kuigusa. Hapa sivyo. Tangu katikati ya Februari mifugo huzuiwa. Mwezi wa Julai, mbegu zikiisha kupukutika, majani hukatwa, hukaushwa juani na kuwekwa akiba ya mifugo. Tarehe 12 Agosti wenyeji wenye haki ya malisho huanza kuingiza wanyama wao, hadi tarehe 12 Februari. Desturi hiyo ni ya karne nyingi, na baraza la kale la mji ndilo lisimamialo malisho.

Kalenda hiyo ina hekima yake. Mafuriko ya mto huacha tope lenye rutuba. Rutuba ikizidi, majani marefu hustawi na kuyasonga maua. Kila mzigo wa majani makavu utolewao huondoa sehemu ya rutuba hiyo. Hivyo mfugaji ajazaye ghala lake hulipatia ua nafasi. Mafuriko yakikawia hadi kiangazi, majani yakashindwa kukatwa, maua hupungua.

HASARA ILIYOKWISHA PATIKANA

Tangu miaka ya 1930, Uingereza na Wales zimepoteza takriban asilimia 97 ya nyanda za namna hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyingi zililimwa ili kupata nafaka. Baadaye zikaja mbolea za chumvichumvi, pamoja na mtindo wa kukata majani mabichi mapema na kuyavundika, kabla mbegu hazijakomaa.

North Meadow ulinusurika kwa sababu ulikuwa na wenye haki wengi. Hakuna mmoja aliyeweza kuupiga plau kwa uamuzi wake peke yake. Ni bahati kubwa, kwani mbegu ya kichwa cha nyoka huchukua miaka kadhaa ardhini kabla ya kutoa ua la kwanza. Kinachoharibiwa na trekta kwa siku moja hakirudishwi kwa msimu mmoja.