Dawa au Sumu? Kola za Kuua Kupe na Lugha ya Maonyo katika Mpaka wa Busia na Malaba

Utangulizi

Neno "dawa" katika Kiswahili limebeba mzigo mkubwa. Kinachomponya mgonjwa ni dawa. Kinachoua panya, mbu au kupe pia ni dawa. Makala haya yananuia kuonyesha jinsi upana huu wa maana unavyoweza kumghafilisha mtumiaji, kwa kuangazia kola wanazovishwa mbwa ili kuua kupe na viroboto. Mfano wetu unatoka Busia na Malaba, ambako mbwa hufugwa aghalabu kwa ulinzi, na ambako Kiswahili huwaunganisha Wateso, Waluhya, wafanyabiashara na madereva wa malori.

Jirani yetu wa Malaba alimvisha mbwa wake kola ya aina hii. Siku ya tatu, ngozi ya shingo iligeuka nyekundu na manyoya yakaanza kunyonyoka. Akidhani kwamba dawa haijatosha, mzee huyo alimwogesha mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe. Mbwa alilegea, akayumba, akashindwa kusimama. Daktari wa mifugo alipofika, alianza kwa kuivua kola. Mbwa aliponea chupuchupu. Onyo lilikuwapo kwenye pakiti, ila kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo mno.

Madhara Yenyewe

Kola hutoa kemikali kidogo kidogo, nayo husambaa kwenye mafuta ya ngozi na manyoya kwa majuma au miezi. Baadhi ya kola huwa na amitrazi, ambayo hutumiwa pia kuogeshea ng'ombe; nyingine huwa na flumethrini na imidaklopridi. Kemikali hizi huvuruga neva za kupe na viroboto. Mbwa wengi huzivumilia, lakini si wote.

Madhara ni ya aina mbili. Kwanza ni ya ngozi: mwasho, wekundu, kunyonyoka manyoya na vidonda. Haya hutokana na mzio, au na kola inayobana na kusugua. Pili ni ya mwili mzima: kutokwa mate, kutapika, kusinzia kupita kiasi, kuyumba, kutetemeka, hata kupatwa na kifafa. Hatari huzidi mbwa akiwa mchanga au mgonjwa, akiitafuna kola, au akitiwa dawa nyingine juu yake. Kola ya mbwa yenye amitrazi asivishwe paka kamwe.

Yafaa vidole viwili vipite kati ya kola na shingo, na ngozi ikaguliwe mara kwa mara. Dalili zikizuka, kola ivuliwe mara moja, mbwa aoshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti.

Suala la Lugha

Mnamo 2023, baada ya kuchunguza malalamiko mengi kuhusu kola ya Seresto, shirika la mazingira la Marekani liliruhusu iendelee kuuzwa, ila kwa masharti, likiwemo la kuongeza maonyo kwenye pakiti. Kwa hivyo, maneno ya pakiti ni sehemu ya usalama wa bidhaa yenyewe.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo ya kumwezesha kunufaika na bidhaa. Je, maelezo yasiyosomeka kwa mnunuzi ni maelezo?

Hitimisho

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hujadili istilahi za isimu na fasihi kwa ari kubwa. Ni vyema ari hiyo ifike pia kwenye maduka ya dawa za mifugo. Hatuhitaji istilahi ngumu. Yatosha kuandika "sumu ya kupe" mahali pa "dawa", na chini yake: "Mbwa akitapika au akitetemeka, vua kola." Laiti mzee wa Malaba angalisoma maneno hayo, asingaliongeza sumu juu ya sumu.