Ruzuku ndogo: kwa nini baadhi ya vikundi hudumu na vingine hufa?

Dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi hutolewa bila malipo katika hospitali za umma Afrika Mashariki. Tanzania ilianza kufanya hivyo mwaka 2004. Lakini nauli ya kwenda kliniki, chakula cha kumezea dawa na mahitaji ya shule ya watoto havitolewi bure.

Pengo hilo ndilo lililokusudiwa kuzibwa na ruzuku ndogo. Hizi ni fedha ambazo kikundi hupewa, bila kutakiwa kuzirejesha, ili kianzishe shughuli ya kujipatia kipato: ufugaji wa kuku au mbuzi, bustani ya mboga, ushonaji au mashine ya kusaga nafaka. Walengwa ni watu wanaoishi na virusi, wajane, na mabibi wanaolea wajukuu yatima.

Zilianzaje?

Mwaka 2000 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 500 kwa mpango wa kupambana na Ukimwi barani Afrika, na Kenya na Ethiopia zikawa nchi za kwanza kunufaika. Tanzania ilifuata mwaka 2003 kwa mradi wa dola milioni 70, ambao ulikuwa na mfuko maalumu wa kusaidia juhudi za jamii.

Mwaka huo huo Rais George W. Bush wa Marekani alitangaza mpango wa PEPFAR. Baadaye, kupitia balozi za Marekani, sehemu ndogo ya fedha zake ilivifikia vikundi vya vijijini.

Kwa kawaida kikundi hutakiwa kuwa kimesajiliwa, kiwe na katiba, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na andiko la mradi lenye bajeti. Mara nyingi wanachama nao huchangia kiwanja au nguvu zao. Fedha hutolewa kwa awamu, na hesabu za awamu ya kwanza hukaguliwa kabla ya kutolewa nyingine.

Mtaji huliwa vipi?

Tatizo la kwanza ni kuchagua mradi kwa kutazama kitakachompendeza mfadhili badala ya soko. Kuku ni mfano mzuri. Ugonjwa wa kideri unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, ingawa ipo chanjo ya matone ya jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chanjo hiyo isipowekwa kwenye bajeti, mradi hufa pamoja na kuku.

La pili ni dharura za nyumbani. Mwanachama akiugua, au shule zikifunguliwa, mbuzi wa mradi huuzwa. Huo si wizi. Ni kwamba kikundi kisicho na akiba hakina pengine pa kukimbilia.

La tatu ni unyanyapaa. Bidhaa zikijulikana kuwa ni za watu wenye virusi, baadhi ya wateja huzikwepa. Kwa sababu hiyo vikundi vingine huwaandikisha pia majirani wasio na virusi.

Sanduku lenye kufuli tatu

Dawa ya tatizo la pili inafahamika. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha nchini Niger utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambao baadaye ulienea Afrika Mashariki. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana kwa riba ndogo, na huchangia mfuko wa jamii wa kukabili ugonjwa na misiba. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo huwa na mwanachama wake.

Kikundi chenye sanduku kabla ya ruzuku huwa kimekwisha kujifunza kutunza hesabu. Mwenye dharura hukopa, na mbuzi hubaki zizini.

Hata hivyo, matarajio yawe ya kiasi. Utafiti uliofanywa katika vituo 16 vya afya magharibi mwa Kenya, na kutangazwa mwaka 2022, uliwapatia watu wenye virusi mkopo wa pampu ya umwagiliaji pamoja na mafunzo ya kilimo. Upungufu wa chakula ulipungua katika kaya zao. Lakini katika kudhibiti virusi mwilini hawakuwazidi wenzao ambao hawakupata mkopo. Makundi yote mawili yalifanya vizuri.

Baada ya mwaka 2025

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika la USAID likakoma kufanya kazi. Kikundi kilichotegemea awamu ijayo ya ruzuku kiliweza kubaki mikono mitupu. Chenye akiba yake kilikuwa na pa kuanzia.

Funzo hili linawahusu pia Waafrika Mashariki walio ughaibuni wanaotuma fedha kwa vikundi vya nyumbani. Kabla ya kuuliza mradi unahitaji kiasi gani, waulize wanachama wenyewe wameweka kiasi gani, na nani anashika funguo.